Anemoni si pambo la tangi

Mhariri,

Wengi wanaofuga samaki klauni katika matangi ya nyumbani huamini kwamba samaki huyo hawezi kuishi bila anemoni, yaani mnyama laini wa baharini ambaye klauni hujificha kati ya minyiri yake, ilhali hustawi vizuri bila yeye. Anayeteseka ni anemoni, kwa kuwa sehemu kubwa ya chakula chake hutoka kwa mwani mdogo mno unaoishi mwilini mwake, nao huhitaji mwanga mkali. Mnunuzi amkatae aliyepauka au aliyeachama mdomo, hata akipunguziwa bei. Pampu nazo zifunikwe, maana anemoni hutembea, na akinyonywa humo huchafua maji yote. Anayeanza achague yule mwenye minyiri iliyovimba nchani, ambaye hujigawa mwenyewe tangini, hivyo hakuna haja ya kumng'oa mwingine miambani.

Msomaji,
Mombasa