CD4 ipande, virusi vishuke: jinsi ya kusoma majibu yako

Wateja wetu wengi hapa maabara wakishapewa karatasi ya majibu wanaganda kwenye namba mbili, CD4 (seli za kinga) na wingi wa virusi vya UKIMWI (VVU) kwenye damu, halafu swali ni lile lile, sasa hii ikiwa kubwa ni nzuri au mbaya? Kwa kifupi CD4 tunataka ipande, virusi tunataka vishuke.

VVU ni kirusi. UKIMWI ni hali ya mwili kinga ikishachakaa, kwahiyo mtu anaweza kuishi na VVU miaka na miaka na UKIMWI asiupate kabisa. Kirusi kinaingia kwenye seli za CD4, hizi ni chembe nyeupe za damu ambazo ndo zinapiga filimbi kinga nzima iamke, kinajizalisha humo ndani, seli inakufa, virusi vipya vinatoka kuvamia nyingine. Mtu mzima mwenye afya huwa na CD4 kama 500 mpaka 1500 kwa kila mikrolita ya damu. Zikishuka chini ya 200 hapo tunaongelea UKIMWI na magonjwa nyemelezi, yaani yale yanayovizia kinga ikiwa dhaifu, TB ikiwa mbele. Bila dawa safari hiyo mara nyingi inachukua miaka kadhaa na mwenyewe anajiona fiti tu, ndo maana kumwangalia mtu usoni sio kipimo jamani.

ARV, yaani dawa za VVU, zinazuia kirusi kujizalisha ila hazikimalizi, kuna vinavyobaki vimejificha ndani ya seli vimelala, ukiacha dawa vinaamka. Ukimeza vizuri virusi vinashuka mpaka mashine haivioni, na ukibaki hivyo humwambukizi mwenza wako kwa ngono (wengi hawaamini, lakini ndo hivyo). Shida ni mtu anasoma "havionekani" anadhani kapona, anaacha dozi.

Kuhusu kupima, kile kipimo cha haraka cha kutoboa kidole kinatafuta kingamwili, yaani silaha ambazo mwili unatengeneza kupambana na kirusi na zinachukua muda kuonekana, kirusi chenyewe hakikitafuti, kwahiyo ukija wiki moja tu baada ya tukio la hatari, kama ngono bila kinga, tukakwambia hasi usishangilie bado, urudie miezi mitatu ikishapita. Na kama tukio ni la jana au juzi usianzie kwetu, wahi hospitali uulizie PEP, dawa za kuzuia VVU isikushike baada ya tukio, kabla masaa 72 hayajaisha, na ukiwahi zaidi ndo vizuri zaidi, dozi yake ni siku 28.

Kwetu unapimwa chumba cha peke yako na majibu unapewa wewe, mwenza akipiga simu kuulizia hatumwambii kitu.