Mdogo wangu, kabla hujajaza hiyo kombi

Mdogo wangu,

Nimeona kwenye grupu la familia mmekesha na kombi yako, yale masomo matatu ya kidato cha tano, baba mdogo anataka upige PCB (fizikia, kemia, baiolojia), shangazi anasema wewe ni mtu wa HGE (historia, jiografia, uchumi), na wewe kimya kama vile sio kombi yako inayojadiliwa. Pale sikujibu, naandika huku ili na wenzako wasome.

Mimi CBG (kemia, baiolojia, jiografia) nilipiga kwa kuogopa fizikia tu, hakuna hekima yoyote. Chuo nikaingia mambo ya samaki. Sasa field, yaani mafunzo kwa vitendo, nikapelekwa mwalo mmoja wa Ziwa Victoria hapa Ilemela, Mwanza, nina ubao wa kupimia na daftari, najiona mtaalamu. Sheria unaijua, sangara wa chini ya sentimita 50 haruhusiwi, na sababu ni baiolojia tupu, wengi wa saizi hiyo bado hawajazaa. Nikaja na dodoso langu, swali la kwanza kabisa: je, unavua sangara wadogo? Watu ishirini na kitu, wote hapana, hapana, na huku mtumbwi uko hapo pembeni visangara vimelala humo havifiki hata kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole!

Mzee mmoja akanionea huruma, akaniita kwenye chai. Mwanangu, petroli ya leo kanikopesha tajiri, na yeye anataka samaki sio maneno, nikimrudisha huyu majini deni utalipa wewe?

Jibu hilo kwenye madesa yangu (notsi za chuo) ya samaki halikuwepo. Ikabidi niombe ya washkaji wa sosholojia, namna ya kumuuliza mtu bila kumfanya mhalifu, humo ndo nikakutana na Elinor Ostrom, yule mama wa Marekani aliyepewa Nobel ya uchumi 2009 kwa kuchunguza watu wanavyotunza wenyewe mali ya pamoja, misitu, maji, samaki. Na PhD yake ni ya siasa, wala sio uchumi (mwambie shangazi).

Kuchanganya sayansi na masomo ya jamii tabu ipo, ratiba zinagongana, na essay ukiiandika kifupi kama ripoti ya maabara unaambiwa hujajadili kitu. Takwimu tu usiikimbie, inakufuata kote.

Jiografia usiiache, iwe CBG au EGM (uchumi, jiografia, hisabati). Baba mdogo niachie mimi. Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi twende mwaloni, vaa buti, ubao utashika wewe, na yule mzee nataka akuulize wewe hilo swali la deni.