Mtoto aanze na ramani ya mlima anaouona dirishani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niongelee jambo ambalo kila msimu wa mitihani ukikaribia linaniuma, nalo ni hili la kusoma ramani, zile zenye mistari ya kontua, yaani mistari inayounganisha sehemu zenye mwinuko sawa, ambazo kidato cha nne wanakutana nazo kwenye pepa ya jiografia. Mi ni mwalimu wa sekondari hapa Morogoro na ninachotaka kusema ni kimoja tu, kwamba mtoto apewe kwanza ramani ya pale anapoishi, atoke nayo nje, aione ardhi na karatasi kwa wakati mmoja, hizo za mtihani zije baadae. Saa hizi tunafanya kinyume. Tunampa kipande cha ramani ya mahali ambapo hajawahi kufika na pengine hatofika, tena fotokopi nyeusi ambayo mto, barabara na kontua vyote vina rangi moja, halafu tunamwambia haya, tafuta gredienti, yaani ukali wa mteremko, eleza mito inavyotiririka, chora krosi seksheni, yaani umbo la ardhi kama imekatwa ukaitazama kwa ubavu. Basi anakariri. Anajua mistari ikikaribiana ni mteremko mkali, ikiachana ni tambarare, anaandika anapata maksi zake, na akitoka darasani milima ya Uluguru iko mbele yake na hajui kabisa kwamba ile mistari ilikuwa inaongelea kitu cha namna ile.

Tuchukue hii Uluguru yenyewe. Mji wetu uko kwenye kama mita 500 kutoka usawa wa bahari, kilele cha Lupanga kinapita mita 2,100, na toka katikati ya mji mpaka pale juu kwa mstari mnyoofu hazifiki kilomita 10. Kwenye ramani ya skeli ya 1:50,000, ambayo sentimita 2 ni kilomita 1, huo umbali haufiki sentimita 20 za rula. Kontua zikiwa zinapishana kwa mita 20, ina maana mistari kama 80 inatakiwa itoshee humo, na wala haijigawi sawasawa, huku chini mjini imetawanyika mpaka unaitafuta iko wapi, ukianza kupanda inabanana mpaka macho yanauma. Ndo maana kila mstari wa tano unachorwa mnene na kuandikwa namba, ili mtu ahesabu kwa mita mia mia asipotelee njiani. Sasa mwanafunzi aliyepanda mwenyewe hata nusu ya njia ya kwenda Morningside, kule juu mlimani, akiona ule mbanano kwenye karatasi anausikia mpaka kwenye magoti, na huyo sidhani kama utamfundisha tena maana ya mteremko mkali.

Linalowachanganya wengi ni zile V. Kontua ikikatiza bonde inajikunja, na ncha ya V inaangalia juu, kule mto unakotoka, ila ikipita kwenye mgongo wa mlima unaoshuka, ncha inaangalia chini. Darasani utaeleza hili mpaka chaki iishe na bado kesho nusu ya darasa watageuza, kwa sababu karatasi iliyolala mezani haina juu wala chini. Watoe nje. Wapeleke kando ya Mto Morogoro pale unapotoka mlimani, mwambie mmoja atoke ubavu huu wa bonde aende ubavu wa pili kwa sharti moja, asipande wala asishuke. Atajikuta anaingia ndani ya bonde kufuata chanzo mpaka usawa wa mto umfikie, avuke, halafu arudi nje kwa upande wa pili. Ile njia aliyotembea ndo V yenyewe, na ncha yake imeangalia chanzo. Wenzake waliobaki wamesimama pembeni wanaiona kwa macho. Asikwambie mtu, hilo somo la nusu saa linazidi mwezi mzima wa kukariri.

Mvua ikiwa imezuia kutoka, chukua beseni, weka humo jiwe lenye umbo la kilima, mimina maji sentimita moja, chora kwa chaki pale maji yanapogusa jiwe, ongeza sentimita nyingine, chora tena, mpaka jiwe lizame. Kisha mwaga maji mwambie mwanafunzi aliangalie lile jiwe kwa juu, akiwa amefumba jicho moja, achore anachokiona. Amechora ramani. Na ataelewa hapohapo kwa nini kontua mbili haziwezi kukatana, maana sehemu moja ya jiwe haiwezi kuwa kwenye usawa wa maji wa aina mbili.

Kitu kinachonisikitisha zaidi ni kwamba wazazi wa hawa watoto wengi wanaijua kontua vizuri tu, wanaijua kwa jembe. Mkulima wa mlimani aliyefundishwa kuweka makinga maji anachukua fito tatu anafunga umbo la A, ananing'iniza jiwe kwa kamba pale juu, anaitembeza shambani, kamba ikigusa alama ya katikati anajua miguu yote miwili iko usawa mmoja, anachomeka kigingi, anazungusha mguu mmoja mbele, anachomeka kingine, hivyo hivyo mpaka mwisho wa shamba. Ukiviunganisha vile vigingi umepata kontua, na hapo ndo anachimba mtaro, udongo akiutupa upande wa juu (fanya juu) au upande wa chini (fanya chini). Watu wa huku matuta wana historia nayo ndefu, mwaka 1955 Waluguru walikataa waziwazi matuta ya ngazi waliyokuwa wanalazimishwa na serikali ya mkoloni, kwa hiyo habari ya mteremko na udongo si ngeni milimani hata kidogo. Halafu mtoto wa nyumba hiyohiyo anakuja shule anafeli swali la kontua! Hatujawahi kumwita yule mzee aje na ile A yake uwanjani awaoneshe. Mi nimeanza kuwaita, na wanafurahi kuja.

Hata hao wazungu tunaosoma vitabu vyao walianzia kwenye mlima wa kweli. Miaka ya 1770 kule Scotland walipima mlima Schiehallion wakitaka kujua uzito wa dunia, mwanahisabati Charles Hutton akabaki na rundo la namba za mwinuko zilizotapakaa kwenye karatasi, akaona aziunganishe zile zinazolingana kwa mstari, na umbo la mlima likajitokeza. Namba zilitoka mlimani kwanza.

Sasa mtu atasema mwalimu we unahangaika na maksi za jiografia tu. Hapana. Tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na magogo vilishuka kutoka Mlima Hanang vikaingia Katesh na vijiji vya jirani, wakafa watu zaidi ya 80. Aprili 2024 pale Itezi Mbeya mlima ukashuka tena juu ya nyumba za watu na shule. Sisemi ramani ingezuia, mlima ukishanywa maji na kulegea hamna karatasi inayoushika, na wala kontua haikwambii udongo ni wa aina gani. Ninachosema ni kwamba zile V zinazopangana kutoka juu kabisa mpaka kwenye makazi zinaonesha makorongo yanayopeleka maji yanapita wapi na yanatokea wapi, hata kama korongo lenyewe limekauka miaka na watu wameshajenga mdomoni. Ardhi inayotanuka pale mwisho wa korongo ni nzuri, ina rutuba, ni tambarare, kila mtu anaipenda kwa kiwanja. Ukisoma ramani unauliza, hivi huu udongo mzuri umefikaje hapa? Uliletwa na maji.

Tena kuna hii ya mipango ya matumizi ya ardhi ya vijiji, ipo kwa sheria, Sheria namba 6 ya mwaka 2007, mtaalamu anakuja na ramani, inatandikwa mezani, wanakijiji wanaoneshwa hapa makazi, hapa malisho, hapa msitu, wanakubali. Wangapi kwenye ile meza wanaisoma ile karatasi wenyewe? Mkutano ukiwa na hata vijana wawili wanaoweza kusema jamani hapo mlipopaka rangi ya makazi ni kwenye mkondo wa maji, angalia mistari, mazungumzo yanabadilika.

Au umbali wa zahanati. Mtu ofisini anapima kwa rula anasema ni kilomita 5, si mbali. Kuna kanuni ya zamani ya mpanda milima wa Scotland anaitwa Naismith, ya mwaka 1892, ukiigeuza kwa kilomita inakuwa hivi, kila kilomita 5 saa moja, halafu kila mita 600 unazopanda ongeza saa nyingine. Kwa hiyo kilomita 5 zenye kontua 30 za kupanda, mita 20 kila moja, ni saa mbili, na hapo ni mtu mzima mwenye afya asiyebeba kitu, sio mama mjamzito. Hesabu hiyo mtoto wa kidato cha tatu anaweza kuifanya kwa uzi na rula.

Najua tutaambiwa ramani ni za zamani na ni kweli, nyingi zilichorwa kutokana na picha za ndege za miaka mingi nyuma, utakuta karatasi ambayo Bwawa la Mindu halimo kwa sababu lilijengwa miaka ya 1980. Hilo nalo mi naligeuza somo, nawaambia watafute nini kimeongezeka na nini kimepotea, barabara zimehama na mashamba yamepanda juu, ila mgongo wa mlima uko ulipokuwa. Na kwenye simu zipo ramani za bure zenye kontua, nyingi zinatokana na vipimo vya rada vya chombo cha anga Endeavour kilichozunguka dunia siku 11 Februari 2000, data zake ziko wazi kwa yeyote. Kwenye msitu mnene rada haifiki vizuri mpaka chini kwenye udongo, na makorongo madogo hayaonekani, ila kwa kuanzia ramani hizo zinatosha, unaprinti stationari yoyote kwa rangi.

Ombi langu kwa wizara zinazohusika, ya elimu na ya ardhi, ni kwamba kila sekondari ipate karatasi ya 1:50,000 ya eneo lake, ile halisi ya rangi kutoka Idara ya Upimaji na Ramani, na nyingine ibandikwe ukutani ofisi ya kata. Karatasi moja inachukua kama kilomita 28 kwa 28, kwa hiyo shule kadhaa zinaangukia kwenye karatasi ileile na hata kuchapisha inakuwa rahisi. Na swali la ramani kwenye mtihani wa ndani wa shule litungwe kutoka kwenye hiyo. Walimu wenzangu ambao hawataki kusubiri, anzeni na mto mmoja ulio karibu na shule, ielekezeni ramani kaskazini kwa dira ya simu, tafuteni V tatu za kwanza kuanzia chini, kisha mpande na wanafunzi mkahakikishe kama zipo.

Mwalimu wa jiografia,
Morogoro