Tumbawe linahitaji mwaka mzima

Kigamboni,
Dar es Salaam.

Mpendwa rafiki yangu Salumu,

Nakusalimu wewe, shemeji na watoto. Nimefurahi mno kusikia kwamba tangi lako la maji ya chumvi limetulia, na kwamba kile kipande cha akropora, yule mnyama wa jamii ya matumbawe mwenye matawi, ulichopewa na mfugaji mwenzako kimeanza kuchipua matawi. Umeniuliza kama siku moja utaweza kukiona kikitaga humo humo sebuleni. Inawezekana, lakini itakubidi ukipatie mwaka mzima, wala maji safi peke yake hayatoshi.

Akropora hupevusha mayai kwa miezi mingi, ikifuata joto la bahari linavyoshuka na kupanda. Kisha husubiri mwezi, na mwisho kabisa husubiri giza la baada ya magharibi. Kwenye Great Barrier Reef, Australia, ambako watafiti walibaini jambo hili mwanzoni mwa miaka ya 1980, aina nyingi za matumbawe hutaga kwa pamoja katika siku chache zinazofuata mwezi mpevu. Huku kwetu karibu na ikweta hali si hiyo: kwenye miamba ya Kenya utagaji wa akropora umeonekana kutawanyika katika miezi kadhaa, hasa kuanzia Januari hadi Aprili, maji yakiwa ya moto. Basi usiifuate kalenda ya Australia, hata kama ndiyo inayotajwa zaidi.

Tangi linaloshikiliwa kwenye nyuzi 26 tangu Januari hadi Desemba hulikuza tumbawe vizuri, ila halilijulishi msimu. Jamie Craggs na wenzake wa Makumbusho ya Horniman, London, walitumia kompyuta kuongoza joto, urefu wa mchana na nuru ya mwezi, hadi akropora zao zikataga ndani ya matangi, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2017. Nawe, ukiwa na mashine ya kupoza maji, ruhusu joto lishuke wakati wa kusi na lipande taratibu wakati wa kaskazi, bila kulifikisha mahali ambapo tumbawe linautema mwani unaolilisha na kubaki jeupe. Tena uliondoe tangi sebuleni, kwa maana palipo na taa na televisheni hadi usiku wa manane hapana mbalamwezi yoyote ambayo tumbawe linaweza kuitambua.

Usiku wenyewe ukifika, mulika kwa tochi nyekundu. Utaona kidonge cha waridi kimejitokeza kwenye kila kinywa kidogo cha tumbawe, kikiwa kimebeba mayai na mbegu za kiume pamoja. Baadaye vidonge huachiliwa, huelea hadi juu na kupasuka. Zima pampu na vichujio kabla ya hapo, la sivyo vitasagwa vyote, na yatakayobaki yataoza na kuchafua maji. Lakini akropora kwa kawaida hairutubishi mayai yake yenyewe, kwa hiyo utahitaji nyingine ya aina hiyo hiyo, yenye asili tofauti. Vipande viwili vilivyokatwa kwenye tumbawe moja bado ni kiumbe kimoja, hata vikikaa kwenye matangi mawili. Na hii ndiyo sababu utagaji una thamani kubwa kuliko ukataji, maana ndio unaoleta watoto wasiofanana na mzazi, na huenda baadhi yao wakastahimili joto ambalo yeye hawezi.

Hiyo nyingine, nakusihi, usiende kuivunja Bongoyo wala Mbudya. Visiwa hivyo ni maeneo tengefu tangu mwaka 1975, na tumbawe lililovunjwa tawi hutumia nguvu zake kuponya jeraha badala ya kupevusha mayai. Tafuta kwa wafugaji wenzako, na uulize kila kipande kilitoka kwenye tumbawe lipi.

Niandikie ukubwa wa tangi na chumba utakachokichagua, nikupangie joto na taa mwezi kwa mwezi.

Wako akupendaye,
Idrisa