Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: kinyama kipelekwe maabara

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima na taadhima, nilikusikia juzi ukisema wagonjwa wa saratani wanakufa kwa sababu wanachelewa kufika hospitali. Ahsante kwa kutukemea. Mama yangu hakuchelewa.

Alikwenda kinundu kikiwa kidogo kuliko kifungo cha shati, shavuni, chekundu cha kuelekea zambarau, kigumu, hakiumi. Akaambiwa jipu. Jipu lisilouma, Mheshimiwa! Akapewa antibaotiki. Kikazidi kukua wiki hadi wiki. Aliporudi akaambiwa sasa ni kivimbe cha mafuta. Wakakikata, wakakitupa kwenye ndoo ya taka pamoja na pamba zenye damu, mimi nimesimama pale pale. Tezi za shingo zilipovimba ndipo tukatajiwa saratani ya seli za Merkel, aina ya saratani ya ngozi.

Ni ugonjwa nadra, najua, nimeambiwa hivyo mpaka nimechoka. Lakini dalili zake si siri. Tangu 2008 watafiti wameziandika: hauumi, unakua upesi, huwapata zaidi waliopita miaka 50 na wenye kinga dhaifu, na hupenda ngozi iliyopigwa sana na jua. Mama anazo karibu zote. Hata dawa za kushusha kinga anazomeza kwa ajili ya figo aliyopandikizwa zimo kwenye faili lake. Sijui nani alilifungua. Na katika utafiti huo huo, zaidi ya nusu ya vinundu hivyo vilidhaniwa kuwa si saratani kabla ya kupimwa. Basi jicho la daktari, hata bingwa, halitoshi. Inatakiwa darubini.

Pengine wataalamu wa patholojia, wale wanaopima vinyama kwa darubini, ni wachache, pengine mnabana matumizi. Mimi nadhani ni yote mawili, na mazoea juu yake. Uliahidi mwongozo mpya kwa zahanati hivi karibuni. Hiyo karibuni bado haijafika?

Siombi jengo la kukatia utepe. Naomba waraka mmoja: kinyama chochote kinachokatwa kwenye ngozi kipelekwe maabara, na mgonjwa apewe majibu kwa maandishi. Kipelekwe maabara, Mheshimiwa, hata kama kinaonekana si kitu. Mama yuko kwenye mionzi sasa, hana nafasi ya kungoja vikao vyenu. Kama kuuandika ni kazi, niambie. Nitauandika mimi, nikuletee utie sahihi tu.

Wako mtiifu, bado,
Mtoto wa mgonjwa