Barua ya wazi kwa Mganga Mfawidhi kuhusu mashine ya kuhesabu unawaji wa mikono

Ndugu Mganga Mfawidhi,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni muuguzi wa wodi ya wazazi katika hospitali unayoiongoza, nami ninakuandikia hadharani kwa kuwa barua zangu mbili, zilizopitia kwa Muuguzi Mkuu kama utaratibu unavyotaka, hazijajibiwa tangu masika.

Jumatatu iliyopita nilikabidhiwa barua ya kunitaka nijieleze. Kosa langu, kwa mujibu wa mfumo wa kielektroniki tuliofungiwa mwaka jana, unaohesabu kila tunapobonyeza visanduku vya kitakasa mikono, ni kwamba katika zamu moja ya usiku nilitakasa mikono mara 9 tu, ilhali beji niliyovaa ilionesha kuwa nilisogelea vitanda mara 61. Usiku huo tulikuwa wauguzi wawili na tulizalisha akina mama 7. Bomba la wodi lilikuwa kavu, na kisanduku cha ukutani cha kitakasa mikono, baada ya kutoa matone ya mwisho mwanzoni mwa zamu, kilibaki kikiwaka taa tu. Nilinawa kwa maji ya ndoo yenye koki, tuliyoyachota ghorofa ya chini, na kwa sabuni ya mche niliyoinunua kwa fedha yangu. Ndoo haina kihisi, kwa hiyo kwa hesabu za mashine yako sikunawa.

Sina ubishi na kunawa. Mwaka 1847 kule Vienna, Austria, daktari Semmelweis aliwataka madaktari kunawa kwa maji ya klorini kabla ya kuwagusa wazazi, na vifo vya homa ya uzazi vikapungua sana. Lakini naye, Ndugu Mganga Mfawidhi, alihakikisha beseni lipo.

Shirika la Afya Duniani linatufundisha nyakati tano za kutakasa mikono, na miongoni mwake ni kabla ya kazi inayohitaji usafi wa hali ya juu na baada ya kugusa damu au majimaji ya mwili. Hizo ndizo nyakati zinazoua au kuokoa katika wodi yangu, na ndizo ambazo beji haizioni, maana nikiwa kando ya mama mmoja tangu kumpima njia hadi kukata kitovu, yenyewe inajua tu kwamba nimesimama pale. Inachokiona vizuri ni watu kupita. Ndiyo maana baadhi yetu tumeshaizoea: ukiingia bonyeza, ukitoka bonyeza, hata kama hukumgusa mtu, na asilimia zinapanda.

Siku ya uzinduzi ulituahidi, mbele ya wageni na keki, kwamba mfumo huu hautakuwa fimbo. Leo majina yetu yamebandikwa kwa asilimia kwenye ubao ulio karibu na lango la ndugu wa wagonjwa, na mume wa mzazi mmoja ameniuliza kama mimi ndiye yule wa mwisho. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Bila shaka mwanasheria wa hospitali anaifahamu.

Nahisi tatizo ni kwamba visanduku vile hupokea makasha ya kitakasa mikono ya aina yake pekee, na aliyetupa visanduku hakutupa makasha. Kama ndivyo, duka letu la dawa linaweza kuchanganya kitakasa mikono kwa kanuni ya Shirika la Afya Duniani, yaani ethanoli, gliserini, haidrojeni peroksaidi na maji safi, nasi tukakitumia katika chupa za kawaida.

Nilikusudia kuomba pia majina yaondolewe ubaoni na barua yangu ifutwe. Nimeyaacha hayo. Ninaomba maji. Barua ya kujieleza nitaileta Ijumaa kama ilivyoagizwa, na maelezo yangu yatakuwa sentensi moja: bomba la wodi ya wazazi halitoi maji. Ukipita wodini kabla ya hapo, tafadhali lifungue mwenyewe.

Wako katika utumishi,
Muuguzi, wodi ya wazazi