Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti, chama chetu cha wapenda hadubini Tanga

Wanachama wenzangu, salaam.

Shughuli za kawaida mnazijua, sitawachosha. Tumeonyesha wanafunzi, tumechota maji Raskazone na Sahare, sevisi ya hadubini imefanyika, mkutano wa Juni umekufa maana tulifika watu sita na mmoja alikuja kumfuata mkewe.

Sasa ishu ya lenzi za fezi tulizonunua, zile za kuonea vitu hai bila kuvitia rangi. Maneno yamefika hadi msikitini eti mwenyekiti kajiamulia kuzinunua. Kamati ilikaa, muhtasari upo, nani alizuiwa kuja? Wenzetu walitaka florosensi, zile rangi zinazowaka, sikatai, ukitaka kujua protini fulani imekaa wapi hiyo ndo yenyewe. Ila sisi tunaangalia vijidudu vya maji vikiwa hai, na rangi nyingine ni sumu kwao, ule mwanga mkali nao unawaumiza, halafu rangi inafifia huku unaangalia, na chupa ikiisha nani ananunua, nyie mnaoshindwa elfu tano ya ada kwa mwezi?

Fezi haitaki rangi. Mwanga ukipita kwenye seli unachelewa kidogo kuliko ukipita kwenye maji, jicho halioni huko kuchelewa, hizi lenzi zinageuza huko kuchelewa kuwa weusi na weupe, basi. Mholanzi Frits Zernike alipewa Nobel ya fizikia 1953 kwa hiyo kazi, sio kitu cha kuokoteza. Na John Sulston na wenzake walifuatilia mnyoo C. elegans, wa milimita moja hivi, akiwa hai, toka yai hadi mkubwa mwenye seli 959 ukiacha za uzazi, bila rangi, kwa lenzi za Nomarski ambazo ni ndugu na zetu.

Ndiyo, kwenye fezi kuna kamwanga kanazunguka pembeni mwa kitu, na kiluwiluwi cha mbu ni kinene mno kwa fezi. Hicho tumia lenzi ndogo, kata kikaratasi cheusi cha duara weka katikati chini ya kondensa, ile lenzi ya chini inayokusanya mwanga, kiluwiluwi kinang'aa chenyewe kwenye giza. Wazo la nani hilo mnakumbuka, na aliyekesha akipanga pete za fezi, ya kwenye kondensa na ya kwenye lenzi zilingane, mnamjua.

Hela: wanachama 38, waliomaliza ada 11, nusunusu 9, wengine kimya. Ilitakiwa 2,280,000, imeingia 870,000, lenzi za mtumba 1,300,000, sevisi 150,000, pengo la 580,000 nimeziba mimi, na bado naitwa mla hela.

Mwakani tukijaliwa tutatafuta kamera, labda na semina, tutaona. Ada zipelekwe kwa mweka hazina, sio kumwachia mke wangu sokoni Ngamiani.